Juu ya Paa Silali Tena

Nyumba niliyofanyia kazi Al-Naseem, Riyadh, mfanyakazi alilala juu ya paa, kwenye kijumba kando ya matangi ya maji. Sikuwa na neno, hadi makombora yalipoanza kurushwa mjini. Jioni moja nikianua nguo, puu! angani, dirisha langu likatetemeka. Nikashuka mbio. Familia nzima ilikuwa imejibana kwenye stoo ya chini ya ngazi. Madam akaniuliza, "Nguo umeanua zote?" Wueh! Aki niliumia, sitaficha.

Baba, mume wake, alikuwa mwalimu mstaafu wa wanajeshi, na ofisi yake ilijaa michoro ya ndege za kwanza zisizo na rubani. Kesho yake nikipangusa vumbi nikamwuliza kuhusu ndege moja iliyoundwa kwa mbao. Alifurahi, maana pale nyumbani hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Akanieleza polepole: ilibuniwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Walipima umbali na upepo, wakaitegesha ihesabu mizunguko ya injini. Hesabu ikitimia, injini inazima, mabawa yanachomoka, inaanguka na bomu lake.

"Na inajua inamwangukia nani?"

"Mafi, hakuna! Haijui chochote."

"Haijui madam ni nani na mfanyakazi ni nani?"

Akacheka. "Itajulia wapi?"

"Sasa mimi mnaniweka juu kwa nini?"

Kicheko kikamwisha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mimi sikungoja. Mchana huo huo nikaburuta godoro langu ngazi zote hadi stoo, nikasukuma mazulia makuukuu pembeni, nikatandika. Madam akaja juu kama moto: nirudi paani, la sivyo ananirudisha kwa ajenti. Niliogopa, kwa sababu ajenti angeweza kunipeleka nyumba mbaya zaidi. Lakini ati nife kwa adabu? Nikamwambia, "Nirudishe, madam. Juu silali tena."

Akaenda kunishtaki kwa mumewe. Walichoambiana sikijui, ila ajenti hakupigiwa simu.

Wiki mbili baadaye, saa kumi alasiri, mlipuko mwingine. Wakaja mbio, wakanikuta nimeketi kwenye godoro nikikunja soksi zao. Madam akasimama mlangoni, anahema.

"Vua viatu kwanza, madam," nikamwambia. "Hapa ni chumbani kwangu."

Akavua.