Chupa ya Mwaka wa Tone

Kaka yangu ni fundi miwani. Ukitaka kumuudhi, mwite daktari wa macho. Atavua miwani yake mwenyewe, aifute kwa pindo la shati, kisha akueleze polepole kwamba daktari anatibu jicho na yeye anasaga lenzi, na hizo ni kazi mbili. Mimi ndiye mdogo wake, tunakaa nyumba moja tangu mkewe alipofariki, na maelezo hayo nimeyasikia mpaka nayaota. Ukitaka kumfurahisha, basi, muulize habari za poti. Lakini uwe umeshakula, maana hutoki leo.

Poti ni mvinyo. Ule mtamu, mzito, wa Wareno, ambao wanautia pombe kali kabla haujamaliza kuchacha ili utamu wa zabibu usiishe. Kaka aliuonja akiwa kijana, alipopelekwa mafunzoni kwenye mji mmoja wa baridi, na mzee aliyempangisha chumba akawa anamwekea glasi ndogo baada ya chakula. Wenzake walirudi na makoti na redio. Yeye alirudi na ugonjwa huu, na akauambukiza.

Kila Jumamosi mchana, akishafunga duka, wanakusanyika watatu: yeye, Kinyozi wa mlango wa pili, na mama mmoja mpana, mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekaa kwenye dirisha la posta mpaka akastaafu. Tunamwita Mama Posta. Wanakaa kwenye viti vya wateja chini ya lile bango la herufi, ambalo herufi ya juu hata mlevi anaiona na zile za chini ni za kukutoa machozi. Mashine ya kusagia lenzi inafunikwa shuka. Chupa zinavalishwa soksi. Ndiyo, soksi za kaka, nazifua mimi, ili asiwepo mtu wa kusoma jina kisha akajifanya ametambua kwa ulimi. Halafu wanaonja, wanatazamana, na uongo unaanza.

"Hii ina harufu ya zabibu kavu," atasema Kinyozi.

"Zabibu kavu na kiatu kipya," atasema Mama Posta.

"Kiatu cha nani?" nitauliza mimi kutoka mlangoni, na hakuna atakayecheka.

Wana sheria zao pia. Chupa inakwenda kushoto tu, hairudi nyuma wala haipumziki. Mtu akiisahau mbele yake hawamwambii "lete". Wanamuuliza kwa upole, "Hivi paa lako limeacha kuvuja?" Naye anaona haya, anaisukuma kwa jirani. Watu wazima, na akili zao timamu, jamani!

Mimi si mnywaji, ila masomo yao nimeyasikia hadi nimefuzu bila kupenda. Kuna poti ya pipa, iliyokaa miaka kwenye mbao mpaka ikawa na rangi ya chai. Hiyo hata ukiifungua itakaa kabatini wiki kadhaa na haitanuna. Halafu kuna poti ya mwaka. Hiyo ni ya zabibu za mwaka mmoja tu, uliokuwa mzuri, na inakulia ndani ya chupa, gizani, imelazwa ubavu ili kizibo kisikauke. Ina mashapo, kwa hiyo kabla ya kuifungua unaisimamisha siku mbili tatu yashuke chini. Na ukishaifungua, umeifungua. Unaimaliza leo, au kesho kwa kubembeleza.

Kaka alikuwa na chupa moja tu ya namna hiyo. Ilikuwa ya mwaka aliozaliwa binti yake.

Yule mtoto alikuja kabla ya wakati wake, kadogo hivi, unaweza kukasahau kwenye mto wa kulalia. Tukamwita Tone, na jina likaganda. Kaka alikaa kwenye benchi la hospitali akimwahidi Mungu mambo ambayo mpaka leo hajayatimiza yote. Mtoto akavuka. Poti ya mwaka ule ilipotoka, kaka akaagiza chupa, akaileta nyumbani ameikumbatia, na wifi yangu akaipokea, akaipangusa vumbi kwa kanga yake. "Hii tutaifungua Tone akishakuwa mtu mzima," akasema. "Tuinywe sisi watatu, mtu mwingine asiguse." Wifi hakufika. Kwa hiyo wanywaji wakabaki wawili.

Kisha mmoja akaondoka. Tone alipata kazi ya hoteli, mbali, huko ambako kwao ni asubuhi sisi tunapika cha jioni. Aliondoka kwa mkataba mmoja, ukazaa mwingine, na huo nao ukazaa. Simlaumu kwa kutafuta maisha. Namlaumu kwa "nakuja".

Maana kaka alimkumbuka mtoto wake kiasi cha kuumwa, na simung'unyi maneno. Simu yake aliiweka kwenye kisahani cha skrubu ndogo, pale pale mezani pa kazi, akawa anasaga lenzi jicho moja kwenye jiwe na jingine kwenye simu. Nilimwambia atamtengenezea mteja miwani ya kuonea juzi. Usiku alikuwa akipita mlango wa chumba cha Tone anasimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichokwenda kuchukua. Na mimi, mjinga mwingine, kila wiki nilikuwa nabadilisha shuka za kitanda ambacho hakijalaliwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu Tone akapiga. "Baba, nakuja. Nimeomba likizo."

Siku ile ile kaka akaitoa chupa kabatini, akaisimamisha kwenye rafu ya chumba cha nyuma dukani. Likizo ikasogezwa. Sawa, mambo hayo yapo. Mtu mwenye akili angeilaza chupa asubiri tena. Kaka hakuilaza.

"Kaka, si ungeirudisha?" nilimuuliza.

"Nikiilaza," akasema, "nitakuwa nimesema haji."

Mama Posta alimgombeza mbele za watu. "We mzee, kizibo kitakauka hicho! Unatufundisha sisi, wewe mwenyewe unafanya nini?"

"Wiki ijayo anakuja."

Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Mvua zikaja zikaisha, joto likaingia, na chupa imesimama tu pale kwenye rafu kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti. Mtu asiyejua poti angeiweka vyovyote, na mtu anayejua asingethubutu kuiacha hivyo. Kaka alijua vizuri sana. Kila asubuhi aliitazama, na kila asubuhi akashindwa.

Hatimaye Tone akasema tiketi imekatwa, anafika Jumamosi. Uwii, ungemwona kaka! Alisugua sakafu ya duka mwenyewe. Akang'arisha glasi kwa kile kitambaa laini cha kufutia lenzi, akizitazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nilipika tangu alfajiri. Kinyozi alifunga kazi mapema, akaja amejinyoa mpaka anang'aa, na Mama Posta akavaa gauni la harusi za watu.

Simu ikaita kabla ya saa sita. Nilikuwa napanga sahani, nikaona bega la kaka likishuka, nikajua.

"Mwenzangu ameugua, baba, hakuna wa kushika zamu yake. Wamenirudisha kutoka njiani tangu jana, nikashindwa kukuambia. Mwezi ujao, baba, kweli kabisa."

"Hamna neno, mwanangu," akasema kaka. "Kazi ni kazi."

Akakata simu. Akasimama katikati ya duka lake lililong'aa, hajui mikono aiweke wapi. Halafu akaenda chumba cha nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa mwaka akaichukua ile chupa, akailaza.

Tukamsikia anasema, "Ah." Tu. Kama mtu aliyejichoma sindano.

Tukaingia. Kiganja chake kilikuwa chekundu na chupa ilikuwa inalia shingoni. Poti ilikuwa ikipita pembeni ya kizibo, tone moja moja. Kinyozi akagusa, akanusa kidole, akatikisa kichwa. Mama Posta hakusema "si nilikuambia", na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kimekauka, kimesinyaa," akasema taratibu. "Hewa imeshapata njia. Ukiiacha mpaka mwezi ujao, mtoto atakuja kunywa siki."

"Nitaiziba kwa nta," akasema kaka.

"Utakuwa umeifungia hewa ndani," akasema Kinyozi. "Leo, fundi. Ni leo."

Nilikasirika mimi. Niliwakasirikia wote, na Tone kuliko wote. "Iache ioze!" nikasema. "Siku akija mpe hiyo siki yake, anywe aimalize!"

Kaka alikuwa ameiegemeza ile chupa kifuani na shati lake jeupe, nililolipiga pasi mimi, lilikuwa linaingia doa. "Mama yake aliishika hii," akasema. "Siwezi kuiua kwa makusudi."

Akaichomeka kizibuo. Kizibo kikavunjika vipande, akakitoa kwa koleo lake la kukunjia fremu, anahema kama anampasua mtu. Akaichuja kwa kitambaa safi kwenye jagi la kioo. Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu ya kachumbari. Badala yake duka zima likajaa harufu ambayo sina jina lake. Ilikuwa tamu na kongwe, kama kabati la nguo za mama ukilifungua baada ya miaka. Poti ilikuwa nzima. Ilikuwa imewahiwa kwa upana wa unywele.

Mimi nisiyekunywa nilikunywa. Ilipita kooni bila kuharakisha, na ilipokwisha ilikuwa bado ipo. Mama Posta, mwenye neno kwa kila kitu, alikuwa akijifuta macho tu na ukosi wa gauni.

"Hii haina kiatu," akasema Kinyozi mwishowe, na sauti yake haikuwa ya utani.

Kaka alikuwa amemimina glasi yake na nyingine ya pembeni. Hakuwa amegusa hata moja. Nikamwambia, "Onja basi, kaka," akasema anaiacha ipumue kidogo. Na ndipo simu ikaita tena. Mikono yake ilikuwa imelowa, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole ili sauti itoke nje, sote tukasikia.

"Baba, mmeshakula?"

"Tumekula. Shangazi yako amepika kwa ajili ya mtaa mzima."

"Na chupa yangu? Umeirudisha kulala?"

Kaka akaitazama ile glasi ya pembeni. "Tumeifungua, mwanangu. Kizibo kilikauka. Nilikuwa nimeisimamisha muda mrefu."

Kule upande wa pili tukasikia anavuta pua. "Ilikuwaje?" akauliza. Na ile sauti ilikuwa ya yule mtoto mdogo kabisa, anayeuliza kama wenzake walicheza bila yeye.

Kaka ni mtu anayeweza kuzungumzia poti moja mpaka chai ikapoa na ikapashwa na ikapoa tena. Nilimwona anamfikiria, yuko peke yake kwenye chumba cha wafanyakazi, na nguo za kazi mwilini, analia kwa ajili ya kitu ambacho hakirudi.

"Iliharibika," akasema. "Siki tupu, Tone. Tumeimwaga kwenye sinki. Hujakosa kitu kabisa, mwanangu."

Kinyozi alikuwa na funda mdomoni. Akabaki nalo, macho yamemtoka, anaogopa hata kumeza.

"Kweli, baba?"

"Kweli. Hata Mama Posta ametema."

Mama Posta akafunga macho.

Tukasikia Tone anashusha pumzi, ndefu, mpaka simu ikakwaruza. "Afadhali," akasema. "Afadhali, baba, Mungu anisamehe. Hujui nilivyokuwa nateseka. Kila nikifikiria imesimama hapo inanisubiri, usingizi haunijii."

"Basi ulale sasa."

"Nitalala." Na sauti yake ilikuwa imeshachangamka, mnajua vijana walivyo. "Na unajua, kuna mkataba wanataka kunipa, mzuri, nilikuwa naukataa kwa sababu ya hii safari. Sasa kama chupa yenyewe haipo, si ningeuchukua tu? Nisihangaike na mambo ya mwezi ujao. Nije mwakani, nije vizuri, au mwaka unaofuata. Eh, baba?"

Niliinuka. Wallahi nilikuwa naifuata ile simu, nimwambie ukweli, nimwambie baba yako ni mwongo na chupa yako iko hapa mezani na glasi yako imejaa, na ile chupa haijawahi kuwa jambo lenyewe, mtoto mpumbavu we! Kaka akanyoosha mkono uliolowa akanishika kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Uchukue, mwanangu," akasema. "Usiwe na haraka na sisi."