Jibu Alilopewa Mapema

Bibi ninayemtunza nyumbani kwake Lanham alikuwa akinywa chai huku tukitazama shindano la maswali. Akaniambia kwamba ujanani alishiriki shindano kama hilo, televisheni ilipokuwa bado ngeni na kila kitu kikirushwa moja kwa moja.

"Ulishinda?" nikamuuliza.

"Nilishinda. Mwandaaji alinipa jibu siku moja kabla, akanifundisha kusitasita na kujifuta jasho."

Nikapunguza sauti ya televisheni. "Swali lilikuwa lipi?"

"Lilihusu nyuki. Baba yangu alifuga nyuki Beltsville, kwa hiyo jibu nililijua tangu utotoni. Mume wangu hakuamini kwamba nililijua, mpaka anakufa."

Mimi nilimwamini. Nikavuta kiti, nikamwomba anieleze habari za nyuki.