Maneno Niliyomtilia Mwanamieleka Kinywani

Pale Kyela mjini, si mbali na stendi, kuna kijiwe cha wanaume wazima, wenye wake na wajukuu, wanaokusanyika kwa fundi baiskeli kuchambua maongezi ya mwanamieleka mmoja Mmarekani aliyestaafu zamani. Mapigano yake hawana habari nayo. Wanachotaka ni yale mahojiano ya kabla ya pambano, anaposhika kipaza sauti, macho yamemtoka, anatisha watu. Wanazo klipu kwenye simu, wanazirudiarudia, kisha wanabishana alikuwa na maana gani. Nimekaa nao miaka mingi na nasema bila kumung'unya: wapuuzi kama wale sijawahi kuona.

Kinara wao ni mwalimu mstaafu. Huyu ukimwamkia "ugonile" anakujibu kwa mkato, maana unamchelewesha, kuna jambo amegundua. Wiki moja aligundua kwamba mwanamieleka hugusa sikio mara tatu kabla ya kumtaja mpinzani wake. Basi ikawa kazi. Mmoja akasema ni Utatu Mtakatifu, mwingine akasema alikuwa anaagua kwamba amebakiza miaka mitatu ulingoni. Mimi nikasema labda sikio lilikuwa linamwasha. Walinitazama kama mtu aliyetukana kanisani. Mpunga wao shambani unaliwa na ndege, kokoa imeanikwa na mvua ya Kyela haina adabu, wao wanakodolea macho sikio la Mzungu. Kweli debe tupu haliachi kuvuma.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kiingereza chenyewe hawakijui. Wanachosikiliza ni sauti ya Kiswahili iliyowekwa juu yake, na sauti hiyo ni yangu.

Enzi za mikanda ya video nilikuwa mtafsiri katika banda moja hapo hapo mjini. Nilikaa kwenye kreti la soda pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi. Filamu nilizimudu kwa kufuata picha. Mieleka ilinishinda, maana yule bwana aliongea kama anafukuzwa na nyuki. Nilidaka neno moja kati ya kumi, hayo tisa nikayajaza mwenyewe. Watu wamelipa kiingilio, utawaambia hujui? Thubutu. Mwenye banda akanirekodi juu ya mkanda, ili siku nisipotokea kazi isisimame. Mkanda ukaingizwa kwenye CD, CD ikaingizwa kwenye memori kadi, leo imo kwenye kila simu pale kijiweni. Nikiwaeleza haya wanacheka, wanasema nimezidi unyenyekevu. Mwalimu alinikalisha chini, mimi mwenyewe, akanifundisha kwamba mtafsiri hawezi kujua kina cha anachokitafsiri. Hizo ndizo akili zilizokuwa zinafundisha watoto wetu.

Kuna klipu moja wanaienzi kuliko zote. Mwanamieleka amepigwa kiti mgongoni na mwenzake, mtu waliyekuwa wakipigana upande mmoja na kuitana ndugu. Anahojiwa, jasho linamtiririka, na sauti yangu inasema: "Ndugu aliyenipiga mgongoni si ndugu. Akiugua sitamjulia hali. Akifa sitatupa hata konzi moja ya udongo kaburini kwake." Alichosema hasa sikijui mpaka leo. Siku ile nilikuwa nimegombana na kaka yangu, aliyeniita mzururaji mbele ya watu wa kwa mchumba wangu. Nikaingia kazini nafoka moyoni, nikamsemesha Mzungu wa watu hasira zangu. Banda zima lilipiga makofi.

Fundi baiskeli alikuwemo. Mwaka ule ule kaka yake, aliyekuwa akiishi Makwale, alimng'olea miche ya kokoa kwenye mpaka wa shamba la baba yao. Tangu hapo hawakusalimiana. Kaka akilazwa, fundi haendi. Kaka anaoza binti, fundi haendi. Ukimuuliza kulikoni, anakuchezea ile klipu. Nilimdharau kwa hilo. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anapangiwa maisha na mwanaume aliyesimama hadharani na chupi.

Mwaka huu, katikati ya masika, jioni moja tukapata habari kwamba yule kaka amefariki na atazikwa kesho yake saa nane. Asubuhi nikakuta fundi ameinama anaziba pancha kama siku zote. Kwetu harusi unaweza kukosa ukasamehewa, lakini msiba wa ndugu wa tumbo moja! Usipozika, wewe utazikwa na nani? Nilitegemea wenzake watamkemea. Wapi. Mwalimu alitoa simu, klipu ikachezwa, wakaanza kujadili kama huo udongo ni udongo kweli au ni mfano wa msamaha. Maiti iko ndani inasubiri, wao wanajadili mfano. Mwingine akahitimisha kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, kwa hiyo tusiwaingilie. Nikamuuliza hao ndugu watapatana lini, na mmoja keshakufa.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilimnyang'anya Mwalimu simu, nikamgeukia fundi, nikamweleza yote: kwamba maneno yale hakuyasema mwanamieleka, ni yangu, ni hasira za kijana aliyeaibishwa ukweni. Nikamwapia kwa kaburi la mama yangu. Mwalimu akaanza habari za kina, fundi akamnyamazisha kwa mkono. Ndiyo mara ya kwanza mtu wa kijiwe kile kuniamini, na sikuona raha yoyote.

"Na kaka yako?" akaniuliza. "Huyo aliyekuita mzururaji."

"Tulipatana."

"Lini?"

"Jumapili iliyofuata. Alikuja nyumbani na samaki, mbasa wa ziwani, tukala."

Fundi aliweka tairi chini. Akaitazama ile mikono yake yenye grisi.

"Jumatatu ulirudi bandani," akasema. "Mbona hukutuambia?"

Ningemjibu nini? Kwamba nilisahau? Kwamba kwangu ilikuwa kazi tu, nikizima kipaza sauti imekwisha? Miaka yote ile nilikaa pale nikiwacheka, najua ninachokijua, na mtu mmoja hajamjulia hali ndugu yake kwa sababu yangu. Niliona aibu, aibu ya kutaka kukimbia.

Akanawa mikono kwa sabuni ya unga. Halafu akavuta mfuko wa nailoni chini ya sanduku la vifaa, akatoa koti lake la kanisani, limekunjwa vizuri. Kumbe alikuwa ametoka nalo nyumbani. Akasimamisha bodaboda. Nami nikashika kiti cha nyuma nipande naye, twende tukazike. Akanitazama usoni.

"Baki," akasema. "Wewe baki hapa na wenzako."

Aliyawahi mazishi, nilisikia kesho yake. Mimi nilisimama kwenye tope mpaka pikipiki ikapotea. Mwalimu akanisogezea nafasi kwenye benchi, nikakaa.