Bibi Harusi Alishuka Mara Sita

Juzi hapa Nyololo, niko zangu nageuza chapati, ikasimama gari moja ya kizamani. Inang'aa mpaka nikaona meno yangu kwenye boneti. Lakini pua iko chini, kidogo tu ilambe lami. Nikamwonea huruma kijana wa watu. "Mwanangu, mbele kumekufa huko." Akacheka. "Hapana mama, nimeishusha makusudi. Ndo inavyopendeza." Makusudi! Nilicheka mpaka chapati ikaungua pande zote. Maana sisi tulikaribia kukosa harusi tukihangaika kuipandisha.

Nikuambie. Babu yangu alikuwa na gari ya hivyohivyo, nzee kuliko mlima. Mbele haikuwa na springi hizi mnazozijua. Kila upande kuna fimbo ya chuma imelala chini kwa chini, inajisokota gari ikipata uzito. Ikichoka, pua inashuka. Unakaza nati yake, pua inapanda. Kazi ndogo, ila gari isimame tambarare. Sasa kwetu milimani Mbeya tambarare utaitoa wapi? Kwetu kuku akitaga, yai linaenda kutotolewa kwa jirani wa bondeni. Babu akakaza palepale uani, akafumba jicho moja, akasema imenyooka kama rula.

Jumamosi yake shangazi anaolewa Ubaruku, ibada saa nane. Upande wa bwana harusi walishatuma maneno: gari ya mzee ikishindwa, wao watatuma trekta na tela. Babu akaapa, "Mwanangu hapandi tela kama gunia la mpunga!" Tukapakia alfajiri. Mbele babu, shangazi na gauni lake lililojaa mpaka dirishani, katikati mimi, miaka saba na uzito wa ndama. Nyuma bibi, binamu zangu na vyombo vya zawadi.

Kufika chini kwenye lami iliyonyooka, gari imeinama kulia kama kuku aliyevunjika mguu. Tairi inasugua madigadi, harufu ya mpira imejaa ndani. Bibi akasema, "Mzee, hiyo rula yako imepinda."

Tulijikokota hivyo mpaka Rujewa, kwenye mashine ya kukoboa. Pale palikuwa na uwanja wa sementi wa kuanikia mpunga, tambarare mpaka ukimwaga maji yanasimama yakisubiri kuambiwa pa kwenda. Fundi wa mashine akatoka, mfupi, ana vumbi la pumba mpaka kwenye kope. Akachungulia chini. "Mzee wangu, hii haipimwi tupu. Inapimwa na watu wake. Kila mtu akae alivyokuja amekaa."

Akatafuta kipimo. Akachomoa mwiko kwenye zawadi, akausimamisha kutoka katikati ya ringi mpaka ukingo wa madigadi, akachonga alama kwa kisu pale ukingo unapotakiwa kufika. Bibi akapiga kelele, "We fundi! Mwiko wa bibi harusi huo!" "Bibi, ugali hauna macho."

Basi ikaanza kazi. Tunashuka wote, jeki inanyanyua, fundi anakaza nati. Jeki inatoka, gari inatikiswa ikae vizuri, tunapanda, mwiko unapima. Bado! Tunashuka tena. Kina mama waliokuwa wanageuza mpunga wakaona bibi harusi anashuka, wakapiga vigelegele. Akapanda, vigelegele. Akashuka, vigelegele. Mara ya tatu wakaacha mpunga wakaleta ngoma. Mara ya sita mmoja akauliza, "Jamani, huyu anaolewa na wangapi?" Shangazi alicheka mpaka wanja ukafika kidevuni.

Mara tukasikia trekta. Linakuja kweli, tela limefungwa maputo. Babu akatoa jasho la kujaza ndoo mbili. Fundi akapima: kushoto imezidi kidole kimoja, kulia vilevile. "Zimelingana, ila imepanda mno. Shukeni tena." Babu akamwangalia dereva wa trekta, akamwangalia mwanae, nikadhani atalia.

Bibi akageuka. "Jamani, mtoto yuko wapi?"

Mtoto nilikuwa nyuma ya magunia na hindi la kuchoma. Nilibebwa juujuu, hindi mdomoni, nikatupwa katikati ya siti. Pua ikashuka. Ikatua kwenye alama, kushoto sawa, kulia sawa. Fundi akapiga boneti kofi. "Nendeni!" Tukatoka mbele kwa fahari, trekta nyuma yetu, tela limejaa wale kina mama. Mchungaji tulimkuta mlangoni anaangalia saa.

Kesho yake, kurudi, babu akasimama palepale kwenye sementi. Ule mwiko tulikuwa nao, bibi aligoma kumpa bibi harusi kitu chenye kovu. Babu akapima.

"Imepanda."

"Si mwanao amebaki," bibi akamwambia.

Babu alishaishika spana. Akasimama nayo kidogo, akaangalia njia ya Ubaruku, akairudisha chini ya siti. "Iache hivyohivyo." Na hakuigusa tena. Miaka yote gari ilitembea na pua juu kidogo, kama imemwekea mtu nafasi.

Gari siku hizi ni chuma chakavu, pengine imeshakuwa sufuria. Babu na bibi hawapo, na ule uwanja nasikia wamejenga maduka. Ila mwiko ninao, mchana nausongea ugali. Yule kijana alipokuwa anakunywa chai, nikaenda nao mpaka kwenye gari yake, nikausimamisha katikati ya ringi. Pua iko chini ya alama, vidole vinne vizima, kama imebeba harusi nzima.

"Mama, unapima nini?"

"Napima watu," nikamwambia, nikarudi kwenye chapati zangu.