Daftari la Eliana Lisilo na Majina

Saa tatu na robo asubuhi, Eliana Msengi ameshakasirika. Anakatiza mnadani na kapu la plastiki mkononi, vitunguu juu, sindano chini. Muuza kamba mmoja anamuuliza kwa mzaha kama leo kaja kutafuta vichaa wake, na watu wawili watatu wanacheka. Eliana hacheki. Anasimama na kumkazia macho mpaka yule bwana anaanza kukunja upya kamba ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Nusu ya wanaocheka wana mtu wao ndani," anasema akiendelea na safari yake. "Wamemfungia mlango."

Huu ni mnada wa kila mwezi, leo Septemba 12, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Nduguti, wilayani Mkalama. Wengine wamekuja na ng'ombe, mitumba na magunia ya alizeti. Eliana, mwenye umri wa miaka 34, ni muuguzi wa kituo cha afya ambacho ameomba jina lake lihifadhiwe, na hapa amefuata wagonjwa wa akili.

Anawafuata kwa sababu wao hawaji. Kliniki yao ni siku moja kwa wiki, na anayeonekana kwenye benchi siku hiyo keshajulikana kijiji kizima. Dada zake hawaolewi. Kati ya wagonjwa 63, wanaothubutu kufika kituoni ni 19. Hao 44 waliobaki anawachoma sindano yao ya mwezi hapa mnadani, nyuma ya pazia la khanga, katika kibanda cha mama lishe aitwaye Amne. Kila mwezi Amne analalamika kwamba wateja wake wanakosa pa kukaa, na kila mwezi anakuwa ameshaifagia kona ile kabla Eliana hajafika.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo wanaijua wote," anasema Eliana. "Wanaoficha ndio wanaoisema kwa sauti."

Ijumaa hii anatakiwa kurudisha fomu ya ruhusa ya masomo. Ana shahada ya kwanza ya uuguzi, na vyuo viwili vimemkubali kusomea shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili kuanzia Oktoba. Fomu ina nafasi ya chuo kimoja tu.

Cha kwanza kiko Dar es Salaam. Ni miaka miwili ya kukaa huko huko, na sehemu kubwa ya muda huo angeitumia wodini, chini ya wauguzi wabobezi. Cha pili ni cha wikiendi na mtandao. Angebaki kazini, angesoma kwa simu, na mazoezi ya wodini yangekuwa wiki sita. Ada hazipishani sana, kila kimoja kinazidi milioni nne kwa mwaka, na mumewe, mkulima wa alizeti, amesema wataumana nazo vyovyote itakavyokuwa.

Mkuu wake wa kazi ameshamchagulia. Alimwambia achukue cha wikiendi ili kituo kisihangaike kutafuta mtu wa kushika nafasi yake. Eliana alipomweleza tofauti ya mafunzo, mkuu alicheka.

"Sista, karatasi ni karatasi," alimwambia.

Maneno hayo matatu hayajamtoka mpaka leo. Anayarudia akifunga kapu, anayarudia akinawa mikono. Kituo hicho kina chumba kilichojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili, vitanda vinne, madirisha mapana. Hakijawahi kulaza mtu. Kimejaa viti vibovu na mabango ya mikutano iliyokwisha, na kila akiuliza anajibiwa kwamba hakuna mtaalamu. Mtaalamu anataka kwenda kusoma, anaambiwa karatasi ni karatasi. Hivi mtu asikasirike kwa lipi lingine?

Anachokitaka wodini anakijua. Mwaka juzi, siku mbili baada ya sindano, binti mmoja shingo ilimpinda ikakaza, macho yakageukia juu. Ndugu wakasema mapepo yamejibu. Eliana alishuku ni dawa, lakini dawa ya kuituliza hakuwa nayo, na daktari aliyempigia simu hakupatikana. Alikaa chini akimshikilia binti kichwa kwa zaidi ya saa nne mpaka pikipiki aliyoituma kufuata dawa iliporudi kutoka mjini. Binti alipona. Ndugu zake hawakurudi tena.

"Nilikuwa nakisia, kwenye shingo ya mtoto wa watu," anasema. "Hiyo haisomwi kwenye simu. Lazima uione na mtu anayeijua amesimama nyuma yako."

Kwa hiyo jibu lilikuwa Dar es Salaam, na wala halikuhitaji kufikiriwa mara mbili. Hapo ndipo daftari lake lilipomsaliti.

Ili familia zimwamini, Eliana aliwaandika wale 44 bila majina. Kila mmoja ni bidhaa ya ndugu yake na mahali anapokaa mnadani: "mabeberu weusi, karibu na mnadi", "mama wa ndala", "vitunguu vyekundu, mwisho wa uzio". Hata daftari likidondoka, hakuna wa kuaibika. Alilionea fahari kwa miaka mitatu.

Julai alikwenda Dar es Salaam kwa usaili, na mnada wa mwezi huo ukampita. Alimwachia kapu na daftari mwenzake, Derick, muuguzi kijana ambaye hakuwahi kufanya kazi mnadani. Mwezi huo huo wauza vitunguu walikuwa wamehamishiwa ng'ambo ya barabara. Mwisho wa uzio Derick alikuta viatu. Alizunguka mpaka saa tisa na kuwapata wagonjwa kumi na mmoja.

Vitunguu vyekundu ni vya Scholastika, mjane kutoka kijiji cha jirani. Mgonjwa ni mwanawe Laurian, wa miaka 26. Scholastika alimwona Derick akipita na lile kapu, akalitambua kapu, aliyelibeba asimtambue. Alitamani kumwita. Aliogopa watu.

Agosti 12 Scholastika alikuja peke yake. Eliana alimwamkia na kumuuliza Laurian yuko wapi. Mama aliendelea kuchambua vitunguu vyake, kisha akasema amefungwa.

Eliana alipanda pikipiki saa ile ile. Alimkuta Laurian kwenye nguzo ya zizi, mbele ya nyumba, kando kabisa ya barabara ya watoto wa shule. Mnyororo ulikuwa na siku nane, na kifundo cha mguu kilikuwa kidonda kitupu. Ufunguo ulikuwa kwa baba yake mdogo, na ilichukua siku sita za dawa na maneno makali mpaka ukatoka mfukoni mwake.

Siku ile ile ya mnada alirudi kituoni akimtafuta Derick ugomvi. Alimwita mzembe mbele ya watu. Derick, ambaye si mtu wa kujibizana, alileta daftari na kumfungulia.

"Nisomee, sista," alimwambia. "Humu ndani Laurian ni yupi?"

Eliana alitazama ukurasa, akaona vitunguu na uzio tu. Anakiri kwamba hasira ile iligeuka hapo hapo ikamrudia mwenyewe. Alikuwa amewaficha wagonjwa wake vizuri mno, kiasi kwamba mtu mwingine hangeweza kuwatibu. Akiondoka miaka miwili, minyororo itarudi. Asipoondoka, atabaki mkisiaji wa shingo za watu mpaka astaafu.

Ndiyo maana leo hayuko peke yake. Derick anatembea naye, na mkononi ana daftari jipya la kutunzwa na wao wawili tu, lenye safu za jina, kijiji na namba ya simu. Kwa kila familia Eliana anaeleza yaliyotokea, anaomba radhi kwa yale ya Julai, kisha anaomba jina.

Mambo hayaendi. Wa kwanza anakataa, wa pili anakataa. Mzee wa mabeberu weusi anamwambia heshima ya nyumba yake haiandikwi na mtoto wa juzi, na anaondoka na bintiye kabla hajachomwa sindano. Eliana anamfuata, anamsihi mpaka binti anachomwa, na jina hapati. Inafika saa sita, daftari lina majina manne.

Kwa Scholastika anakwenda akiwa amekata tamaa. Anatoa shikamoo, anapiga magoti kando ya gunia, anaeleza. Scholastika anatazama kulia na kushoto. Anamwambia, "Mwanangu, watu wataona."

Laurian anashona mdomo wa gunia nyuma ya mama yake. Mguu wake bado una bendeji. Hainui sauti, lakini haishushi pia.

"Andika jina langu," anasema. "Mnyororo nilifungwa barabarani, kila mtu akaona. Leo dawa ndiyo ya kuonea aibu?"

Wauza vitunguu wa pembeni wanageuka kumtazama. Scholastika anajifuta macho kwa ncha ya khanga, kisha anamtajia Derick namba yake ya simu, tarakimu moja moja, na kumtaka amsomee ahakikishe. Baadaye kidogo, mama wa ndala, aliyekataa asubuhi, anamvuta Eliana mkono na kumwuliza kama bado nafasi ipo.

Hadi mnada unapofungwa majina ni 29. Kumi na tano wamekataa, na Eliana hajatulia hata kidogo. Ameshapanga kwamba Derick atawafuata majumbani mmoja mmoja kabla ya Oktoba, na yeye atakuwa nyuma yake. Fomu anaijazia pale pale, juu ya benchi la Amne. Kwenye nafasi ya chuo anaandika Dar es Salaam, na kwenye nafasi ya atakayeachiwa wagonjwa anaandika jina la Derick.

"Kesho nampelekea mkuu, akatae akinitazama usoni," anasema. "Na nikirudi, kabla sijamwonyesha karatasi yoyote, naanza kwa kuvitoa vile viti."