Ubavu Ambao Sikuuomba

Katika ushirika wetu wa Jumatano kuna maneno matatu yanayomwokoa mtu asiyetaka kusema mengi: ombi la moyoni. Tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, kila wiki nyumba nyingine, na kiongozi anapitisha swali kutoka kiti hadi kiti: tukuombee nini? Anayetaja mguu wa shangazi anaombewa mguu wa shangazi. Anayetaja kazi anaombewa kazi. Lakini ukisema, "Nina ombi la moyoni," wanaitikia, "Mungu analijua," na zamu inapita. Niliyategemea maneno hayo yanifiche, na ndiyo yaliyoniponza.

Shida yangu ilikuwa kwamba sikuweza tena kuomba. Hakuna aliyekufa, sikufutwa kazi, sikuugua. Ningekuwa na msiba ningeueleza na watu wangeuelewa. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha mabomba ya plastiki. Kila jioni nilitoka kazini, nikarudi Kware, mtaa wetu hapa Nairobi, nikapanda ngazi hadi chumba changu cha ghorofa ya tano, nikapiga magoti kando ya kitanda na kufumba macho. Basi. Hakuna kitu. Nilisema "Baba" mara mbili tatu, halafu nikajikuta nawaza kama gesi itafika mwisho wa wiki. Ilikuwa kama kuongea na simu iliyokatika kitambo na wewe bado unasema haloo.

Niliogopa. Niliogopa kwamba siku moja hata huo woga ungeniisha, na Mungu angekuwa ameshanitoka huku mimi niko bize na mabomba.

Nililelewa mtaa wa Lucky Summer na baba aliyefanya kazi reli, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyekuwa akiombea ugali mpaka unapoa. Sisi watoto tulifumbua jicho moja kuangalia mboga. Yeye aliongea na Mungu kwa lugha ya kwao, bila haraka, kama anayempasha jirani habari za nyumbani. Nilidhani kitu hicho mtu anarithi, kama pua. Pua nilirithi.

Dawa zote nilijaribu. Katika kikundi chetu cha simu hapakosekani mtu wa kutuma mawaidha kabla jogoo hajawika: funga, soma Neno, amka alfajiri, imba. Nilifunga, nikavuna njaa na hasira, nikamfokea dereva wa lori ambaye hakunikosea lolote. Niliamka alfajiri, nikasinzia nimepiga magoti, nikaamka na alama za mkeka usoni. Nilisoma Neno, na maneno yakapita kama matangazo ya redio.

Ndipo Jumatano moja zamu iliponifikia, nikasema nina ombi la moyoni.

Sikufikiria jambo moja. Mimi ni mwanamume wa umri wa kuoa, nina kazi, na ninaishi peke yangu. Kwa watu wetu, ombi la moyoni la mtu wa aina hiyo lina maana moja tu. Kiongozi wetu, mzee aliyestaafu kazi ya baraza la jiji na ambaye sauti yake bado ni ya kutangaza kukatwa kwa maji, alininyooshea mkono na kunguruma: "Bwana, kijana huyu unamwona. Mpe ubavu wake!"

Ubavu, kwa lugha ya kanisani, ni mke, maana Hawa alitoka ubavuni mwa Adamu. Chumba kizima kikapaza sauti: "Pokea!"

Nilidhani yangeishia hapo. Jumatano iliyofuata kiongozi hakuniuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubavu, popote ulipo, Embakasi ama Busia, uachiliwe uje. Mama mmoja alilia machozi kabisa. Ningewaambiaje? Mtu anakulilia mbele za Mungu, umkatize umwambie huyo Mungu mwenyewe humpati hewani? Nikainamisha kichwa. Wakadhani nimeguswa.

Mwenye bidii zaidi alikuwa mama wa mboga, mjane anayeuza sukuma wiki mlangoni mwa ploti yetu ya kupanga na anayeketi karibu nami kwenye ushirika. Alianza kunisimanga hadharani, mbele ya wateja. "Sukuma ya mtu mmoja utanunua mpaka lini, mwanangu?" Anaikatakata huku ananitazama kwa huruma, kisha ananiongezea majani mawili, kana kwamba majani hayo yatamvuta huyo mke. Nilikuwa nikipanda ngazi nimekunja uso. Nilikwenda kwao nikimtafuta Mungu, wao wakanitafutia mke!

Mtu atauliza kwa nini sikuhama. Makanisa hapa Kware hayana uhaba, ukitupa jiwe utavunja kinanda cha mtu. Lakini Jumatano ile ndiyo kamba pekee iliyokuwa imebaki kati yangu na Mungu. Nikiiachia, nilijua sitatafuta nyingine. Kwa hiyo nilikwenda, nimeudhika, kila wiki.

Kisha zamu ya nyumba ikanifikia mimi. Nilideki, nikaazima viti kwa majirani, nikachemsha chai. Mama wa mboga alifika kabla ya wengine. Nyuma yake alikuwa msichana aliyevaa gauni jipya na kubeba kikaango.

"Huyu ni mtoto wa sista yangu, anakaa Mukuru kwa Reuben," mama akasema. "Chapati zake, wewe! Utauliza kama ni mkate wa mbinguni."

Niliwapisha wakaingia jikoni, yaani kwenye ile kona yenye meko.

Watu walipojaa, wengine wakiwa kitandani mwangu, kiongozi aliongoza wimbo, kisha akanitazama akitabasamu. "Leo mwenye nyumba atufungulie kwa maombi. Tena aanze na shukrani. Naona mambo yameanza kujibika." Wakacheka kwa upendo, wakainamisha vichwa, wakafumba macho.

Nami nikapasuka.

"Siombi mke!" Nilisema kwa sauti ambayo majirani waliisikia, maana redio ya upande wa pili ilipunguzwa. "Hakuna siku nimeomba mke. Mimi siwezi kuomba kitu chochote. Nikifumba macho hakuna mtu. Mnanililia ubavu kila wiki, na mimi hata huyo mnayemwomba simsikii!"

Kiongozi alifungua Biblia, akaifunga.

Kutoka kwenye kona ya meko ikasikika sauti ya yule msichana. "Kwani hii ni posa? Anti, si uliniambia nakuja tu kusaidia na chapo?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Lakini mama wa mboga hakucheka wala hakuona haya. Alinigeukia kama anavyomgeukia mteja aliyerudisha nyanya.

"Si ungesema?"

"Nilisema ni ombi la moyoni."

"Sasa huko moyoni mwako tungeingilia mlango gani?" Akanishika mkono, si kwa upole, akanikalisha kwenye kiti. "Haya. Umesema, tumesikia. Omba."

"Mama, nimekuambia siwezi."

"Tutangoja."

Nilijua tabia ya ushirika wetu. Mtu akikwama katika maombi, hachelewi kuokolewa: mmoja anaanzisha wimbo, mwingine anadakia "asante Yesu", na aibu inafunikwa. Safari hii nilingoja wimbo na haukuja. Walikuwa wamefumba macho wote, hata yule msichana, mkononi bado ana kijiko cha kugeuzia. Chapati ikaanza kuungua na hakuna aliyeigeuza. Kiongozi, ambaye kwake kukaa kimya ni adhabu, alikuwa ameubana mdomo. Mama alikuwa bado ameushika mkono wangu na kiganja chake kilinuka kitunguu.

Walinikasirisha. Walinikasirisha kwa ubavu wao, kwa kungoja kwao, kwa kukaa kitandani mwangu na viatu, kwa kukataa kuniacha niaibike kwa amani. Hasira ilinipanda mpaka kooni, na kwa kuwa wote walikuwa wamefumba macho, sikuwa na wa kumwambia ila mmoja.

"Mungu," nikasema, "hawa watu wako wamenichosha."

Mama akaukaza mkono wangu. "Amina," akasema, na nyumba nzima ikaitikia.