Viota vya Kuwashia Jiko

Siku ile chini ya mgunga tulikuwepo mimi, dada yangu anayenifuata, kitindamimba wetu wa kiume, bibi mzee mwenye ploti tuliyemwita shosho, mwanawe, na fundi wa msumeno wa injini. Nawataja wote kwa sababu siku hizi kila nikiuliza, mtu anasema hakumbuki vizuri. Mimi nakumbuka. Kila Machi, ndege kwera wa kwanza wakitua kwenye waya za stima nje ya dirisha langu hapa Riruta na kujaribu kufunga majani mahali pasipofungika, nakumbuka kwa hasira.

Shosho hakuwa wa ukoo wetu. Alikuwa jirani tu, ng'ambo ya ua wa kayaba. Mama alipomfuata baba kaburini, mimi kifungua mimba niliacha shule darasa la saba nikaanza kuuza mboga na kufulia watu. Wengi walikuja kutuhurumia. Shosho alikuja akawaambia wenziwe, "Viota vya mgunga wangu vikianguka ni vya hawa watoto. Nisione mtu mwingine na karai hapa."

Kama hujawahi kuishi na kwera, utashangaa. Dume anasuka kiota kwa mdomo, jani kwa jani. Jike akija akakikataa, dume anakibomoa mwenyewe, kinadondoka, anaanza upya. Kikikauka kinashika moto kuliko karatasi. Sisi tuliwasha jiko kwa ugomvi wa ndege, na chai yetu ikanukia nyasi zilizoungua.

Kwa hiyo mwaka wetu ulifuata mti ule. Februari kwera walikuwa wachache, rangi ya vumbi, hata huwaoni. Mvua ikikaribia, madume waligeuka manjano na kelele ikaanza kabla hakujapambazuka. Aprili vifaranga walilia njaa mti mzima, na kitindamimba akawajibu akiwa mlangoni, "Ngojeni, hata sisi bado!" Juni walitawanyika. Julai ukungu ulikalia mabati, mti ukabaki miiba na viota vikuukuu vilivyolowa, nami nikapuliza makaa mpaka machozi. Shosho alisema Julai ndiyo mwezi wa kujua nani ana mapafu. Mvua za Oktoba zikija, nao walirudi, si wengi kama wa Machi, lakini walitosha kutuwashia moto hadi Krismasi.

Kisha mwana wa shosho akataka kujenga nyumba za kupangisha. Ploti ni yao, sikuwa na la kusema. Lakini ilikuwa Aprili, na viota vilikuwa na vifaranga. Niliomba kitu kimoja tu.

"Wiki mbili, uncle. Waruke kwanza."

"Wewe mama ya wote, fundi nimempata leo. Kesho ako Kikuyu."

Fundi alitazama juu akacheka. "Hii mti iko na wapangaji kushinda Riruta yote! Na hakuna hata mmoja anatoa rent."

Dada yangu alicheka pia. Mti ukaanguka. Kitindamimba alijaza vifaranga kwenye sweta, tukawalisha uji kwa njiti ya kiberiti, na asubuhi hakuna kifaranga aliyefungua mdomo. Lakini kinachonikaa moyoni zaidi ni wale madume. Walizunguka mpaka giza pale ambapo matawi yalikuwa, hewani, majani bado mdomoni.

Shosho akanigeukia. "Nimewapa moto miaka yote hii. Sasa mtanilipa mti."

"Nitalipa, shosho," nikasema.

Kusema ni rahisi. Mche wa mgunga ninao, nimeuotesha kwenye mkebe wa rangi barazani. Nikimwomba mwenye nyumba kipande kando ya geti, ananijibu kwamba mizizi itapasua tangi la choo. Kitindamimba, ambaye sasa ana kazi ya ofisi Westlands, ananiambia, "Sista, achana na hiyo mambo. Ndege wako kila mahali." Si kweli. Wako Kitisuru, ninakofua nguo, kwenye migunga iliyozungushiwa kuta. Huko viota vikianguka vinafagiwa na kutiwa kwenye gunia la taka. Ningeweza kuomba nafasi huko, lakini deni ni la Riruta.

Shosho anakaa ghorofa ya chini ya nyumba zile zile za kupangisha, macho yamekwisha. Jumapili nilimpelekea uji. Aliinua kidole, akasikiliza dirishani.

"Wamefika?"

"Wamefika, shosho."

"Wanajenga wapi?"

"Kwa waya."

Akanywa kidogo. "Na mti wangu?"

"Umefika magotini."

"Magoti ya nani? Yako ama ya kuku?"

Tulicheka wote wawili. Jioni niliporudi niliuinua ule mkebe nimwage maji machafu. Mizizi imetokea kwenye matundu ya chini na kujikunja juu ya saruji, inatafuta. Nikaurudisha pale pale, kwa sababu sina pengine pa kuupeleka.